Damu ya Mzee, Vijiko Vinne

Jumatatu, 3 Februari

Dada yangu mpenzi,

Sasa hivi tu Tumbiri ametumbukiza mkono kwenye ndoo ya rangi, wote, mpaka kwenye kiwiko. Akautoa, akautazama kama mtu aliyeletewa mkono mpya, kisha akaja mbio kunipiga kofi la paja. Gauni langu lina vidole vitano. Nilitaka kumgombeza nikashindwa, maana alikuwa amesimama anasubiri nimsifu. Nimemkalisha ndani ya beseni na huo mkono wake, anaimba, na mimi nakuandikia haraka kabla hajachoka kukaa.

Shikamoo, dada. Mama anakusalimu. Baba Tumbiri bado yuko mbali na kazi yake ya kuchomelea vyuma, atarudi mwisho wa mwezi.

Uliniambia nikipige picha kitambaa nikutumie kwa simu. Dada, simu ni mwongo wa rangi. Nimekipiga kitambaa kile kile mara tatu. Dirishani kimetoka chekundu kama nyanya. Mlangoni kimetoka kahawia. Chini ya taa, bora nisikwambie. Ndiyo maana nakutumia kitambaa chenyewe humu ndani ya bahasha, kwa mkono wa dereva wenu wa chuo anayepita huku kila wiki. Kiangalie kivulini, saa nne asubuhi. Ukikiangalia juani kitakuchekea tu. Na kisilowe maji, kwa sababu rangi mbichi nayo ni mwongo, mpaka ikauke ndipo useme umeiona.

Hiyo ndiyo damu ya mzee yangu. Niliitafuta miezi saba, nikiwa na mimba ya huyu anayeimba. Kila nikitapika narudi kwenye ndoo. Nyekundu ikizidi inakuwa harusi, kahawia ikizidi inakuwa kutu. Hii imekaa katikati, imetulia.

Uliposema chuo kizima kinatafuta rangi moja, na wewe karani wa ofisi ya mawasiliano ndiye unayepanga hayo makaratasi, nilikaa chini. Nikajiambia, huenda Mungu amenikumbuka kupitia kwako. Nisijitie matumaini mengi, ila kidogo sio vibaya.

Tumbiri anatoka kwenye beseni.

Mdogo wako,
Mama Tumbiri

*

Jumanne, 11 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwambie huyo Tumbiri mama yake mkubwa amemtumia sabuni, ingawa najua ataila.

Sikiliza mambo. Mkuu wetu wa Mawasiliano alitukusanya wote kwenye ukumbi mdogo, akapanga juu ya meza ndefu kila kitu chenye rangi ya chuo: skafu za mahafali, bahasha, kalenda, fulana za wachezaji, kibao kilichong'olewa langoni, mpaka picha ya basi. Vyote vinaitwa damu ya mzee. Havifanani hata viwili. Mkuu akazunguka meza mikono nyuma, akasema, "Jamani, hii ni familia ambayo kila mtoto ana baba yake." Mhasibu alicheka mpaka akatoka nje.

Halafu ugomvi ukaanza. Profesa wa historia akaapa kwamba rangi ya waanzilishi ilikuwa kama udongo uliolowa. Mchapaji akasema yeye miaka yote anachapa zambarau na hakuna aliyelalamika. Profesa akamwambia, "Hawakulalamika kwa sababu walidhani unaumwa macho."

Nikanyanyuka. Nikatoa kitambaa chako kwenye bahasha nikakiweka katikati ya meza. Mdogo wangu, hata profesa aliinama kukitazama. Mkuu akakichukua, akaenda nacho kivulini, kama ulivyosema. Akauliza, "Hii imetoka wapi?" Nikamwambia kuna mtu namfahamu.

Sasa wanataka kujua inapikwaje, na inawezekanaje kitambaa, karatasi na ukuta viseme lugha moja. Wanataka kuandika kitabu cha mwongozo, ili yeyote atakayegusa rangi ya chuo afuate hicho. Niandikie kila kitu, taratibu, usiruke hatua.

Na jambo jingine. Karakana ya ushonaji ya chuo wanafikiria kuongeza mtu wa kutia rangi. Nimekwenda kuiona kwa ajili yako. Ina mabomba mawili ya maji, na ubavuni kuna chumba cha watoto wa wafanyakazi, kina mikeka na madirisha makubwa. Nilimwona Tumbiri kabisa amekaa pale. Jiandae.

Dada yako

*

Jumapili, 16 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nne na Mama nikamsomea mara mbili, ile ya mchapaji na macho akaniambia nirudie tena.

Ukiniuliza mimi niliyeishia darasa la sita, kosa lenu lipo kwenye jina. Damu ya mzee. Mzee gani? Kila mtu ana mzee wake. Profesa mzee wake ni mkulima, mchapaji mzee wake kala zambarau. Mkiendelea kuitana kwa jina mtagombana mpaka mstaafu. Chuo kichague mzee mmoja, kimweke mezani, halafu kila mtu alinganishe na huyo.

La pili ndilo gumu, na nililijua kwa kuharibu. Ili rangi ionekane moja, lazima uipike tofauti. Pamba inakunywa. Nailoni inakataa, inabaki imeng'aa juu juu. Karatasi haina shimo la kuificha rangi, kwa hiyo weupe wake unachungulia kwa chini na kuipausha. Ukuta unakunywa halafu jua linakuja kudai chake. Ukimpa kila mmoja kipimo kile kile, utapata watoto wa baba mbalimbali, kama alivyosema Mkuu wako. Kila mmoja mpe chake, ndipo watafanana. Ni kama kulea tu. Mama alikuwa ananipiga mimi na wewe anakunyamazia, na wote tumetoka na adabu.

Kwa pamba ni hivi. Ndoo moja ya maji yaliyochemka. Unga mwekundu vijiko vinne. Kahawia kijiko kimoja na nusu. Buluu ncha ya kijiko, usizidishe, hiyo buluu ndiyo uzee wenyewe. Chumvi viganja viwili. Koroga bila kupumzika mpaka povu liwe jekundu na maji yaanze kutulia. Kijiko ni kile cha babu, unakijua.

Mchapaji asitumie kipimo changu, alinganishe na kitambaa kikavu, aongeze nyekundu kidogo. Wa ukutani apake mara mbili na asubiri siku moja kati ya mkono na mkono. Nimekuwekea humu kitambaa, karatasi niliyoipaka na kipande cha ubao. Vipange pamoja uone.

Nilipomwambia Baba Tumbiri kwenye simu kwamba nakuandikia vipimo vyote, alisema, "Penye kuku wengi usimwage mtama." Nikamwambia huyu si kuku, huyu ni dada yangu. Akacheka, akasema haya.

Hicho chumba cha watoto, madirisha yake yana nyavu? Huyu wangu anapanda.

Mdogo wako,
Mama Tumbiri

*

Alhamisi, 20 Machi

Mdogo wangu,

Samahani kwa kuchelewa. Kazi zimekuwa nyingi, nimehamishiwa ofisi ya ghorofani na bado napanga makabati.

Kuhusu lile jambo letu, wakubwa bado wanajadili. Vitu hivi vina kamati, na kamati ina kamati nyingine ndani yake. Usikate tamaa ila usiharakishe pia. Vipande vyako vilisaidia.

Naomba barua zako usiziandikie tena anwani ya ofisi. Mpe dereva mkononi, aniletee nyumbani. Huku watu wana macho marefu.

Madirisha yana nyavu.

Dada yako

*

Jumatano, 2 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo, na pole kwa makabati. Nilivyosoma kwamba umepandishwa ghorofani nilifurahi, nikamwambia Mama, naye amewaambia majirani kwamba sasa unaangalia watu kwa juu.

Nimefanya kama ulivyosema, nimejiandaa. Nimeshona aproni mbili zenye mifuko mikubwa. Tumbiri namzoesha kukaa na watu. Nampeleka kwa jirani asubuhi, najificha nyuma ya mlango nisikilize. Siku ya kwanza alilia mpaka akakauka sauti, nikalia na mimi huko nyuma ya mlango. Siku ya nne alilia kidogo, kwa heshima tu. Jana hakulia, na hapo ndipo nilipoumia zaidi, lakini mama ni mjinga siku zote.

Ile nafasi yangu ya sokoni, pale karibu na mashine za kushona, nimemwachia mwenzangu. Alikuwa anaiomba tangu mwaka jana. Nikaona ya nini kuikalia na mimi naondoka.

Jambo moja nimelifanya bila kukuuliza, usinikasirikie. Nimemwandikia Mkuu wako. Maneno machache ya adabu. Nimemwambia namshukuru kwa kukipeleka kitambaa changu kivulini, na kwamba mimi ni yule mtu ambaye dada alisema anamfahamu, na niko tayari wakati wowote watakaponihitaji karakana. Jina lako sikulitaja, niliandika "dada" tu, nilijua ataelewa. Niliona sio vizuri wewe peke yako ubebe mzigo wa kuniombea. Barua hiyo nimeitia posta, maana dereva alikuwa ameshapita.

Nilikuwa naogopa mwandiko wangu. Nimeandika upya mara tano.

Mdogo wako anayekupenda,
Mama Tumbiri

*

OFISI YA MKUU WA MAWASILIANO
25 Aprili

Ndugu,

KUHUSU: BARUA YAKO YA TAREHE 2 APRILI

Barua yako tajwa hapo juu imepokelewa. Tunakushukuru kwa kuvutiwa na rangi mpya za chuo chetu.

Hata hivyo, inaonekana umepewa taarifa zisizo sahihi. Rangi hiyo iliandaliwa na afisa wetu mwenyewe, ambaye mwezi Machi aliteuliwa kuwa Mratibu wa Rangi na Mwonekano wa Chuo. Kwa maelezo aliyotoa mbele ya kamati, kipimo cha rangi hiyo alikirithi kutoka kwa fundi wa familia yao ambaye sasa ni marehemu. Wajumbe walisimama kwa dakika moja kumkumbuka fundi huyo.

Aidha, nafasi ya mtia rangi katika karakana haitatangazwa, kwa kuwa kazi hiyo imekabidhiwa kiwanda kimoja cha nguo.

Kwa kuwa umeonesha kupenda fani hii, nimeambatisha nakala ya Mwongozo wa Rangi za Chuo. Ukurasa wa tatu una maneno ya Mratibu wetu ambayo wengi wameyapenda: "Kila mtu ana mzee wake. Chuo kichague mzee mmoja."

Nakutakia kila la heri katika shughuli zako.

Wako katika kazi,
Mkuu wa Mawasiliano

*

Jumanne, 29 Aprili

Dada,

Shikamoo siandiki leo. Wafu hawaamkii.

Mama alinikuta nimeishika barua ya Mkuu wako, akaniuliza wanasemaje. Nikamwambia wanaisifu rangi. Sikudanganya. Wanaisifu kweli.

Nimeusoma Mwongozo wako kurasa zote kumi na mbili. Kuna picha yako mwanzoni, umependeza, umekaa kwenye kiti kinachozunguka. Kisha nikafika ukurasa wa tatu nikajikuta mimi. Ukurasa wa tano, mimi tena. "Ili rangi ionekane moja, lazima uipike tofauti." "Ukuta unakunywa halafu jua linakuja kudai chake." Hata koma hukuigusa. Ile ya Mama kunipiga na kukunyamazia wewe ndiyo peke yake uliyoitoa.

Ungekuwa umesema umebuni wewe, dada, labda ningelia siku mbili nikaacha. Mimi ni mdogo wako, nguo zangu zote za utotoni zilikuwa zako, na wewe ukivaa changu mara moja sio msiba. Niliacha shule umalize wewe, na sijawahi kukuhesabia, hata leo sitaki kuanza. Lakini kuniua? Kulikuwa na maneno mengi ya kusema. Ungesema ni mtu yuko mbali. Ungesema hataki kujulikana. Katika yote hayo ulichagua kaburi.

Walisimama dakika moja. Nataka kujua kitu kimoja. Na wewe ulisimama nao? Uliinamisha kichwa? Dakika ni ndefu, mimi naijua, huwa nahesabu nikikoroga ndoo. Katika dakika nzima hukupata nafasi ya kukohoa ukasema, samahani, nimekosea, yuko nyumbani anamnyonyesha mtoto?

Baba Tumbiri amerudi. Hajaniambia "nilikwambia." Anafua nepi tu, na huko kunaniumiza kuliko angesema.

Soko limejaa. Mwenzangu ameshaweka meza mbili.

Mama Tumbiri

*

Jumanne, 6 Mei

Mdogo wangu, mdogo wangu,

Nimeandika barua hii nikaichana, nikaiandika tena. Unisome mpaka mwisho kabla hujaniapiza.

Siku ile mbele ya kamati Mkuu aliniuliza ghafla, "Huyo mtu wako ni nani? Ni ndugu yako?" Hapa kuna kanuni, mtumishi akileta ndugu yake kwenye kazi anafukuzwa, na mwaka jana kuna mwenzetu aliondoka hivyo hivyo na boksi lake mkononi. Nikaogopa. Nikasema kipimo ni cha babu. Na babu kweli ni marehemu. Kwa hiyo hawakukusimamia wewe, walimsimamia babu. Mimi nilijiambia hivyo, na nikajiambia mambo yakitulia nitakuingiza polepole. Halafu wakanipa cheo. Halafu wakapiga picha. Kila siku ikawa ngumu kuliko jana yake, na barua zako zilikuwa zinakuja na furaha yake, nikawa nazificha chini ya godoro kama mwizi.

Ndiyo, nilisimama. Niliinamisha kichwa.

Sasa nisikilize, kwa sababu nimefika ukingoni. Kiwanda kimeleta majora mawili ya kwanza ya kitambaa cha skafu. Ni meusi, mdogo wangu, meusi kama ini la ng'ombe. Mkuu ameyatandika kwenye meza ile ile ndefu, karibu na kitambaa chako, kisha akaniita nije nitazame. Majora kumi bado ni meupe. Mahafali ni tarehe 31. Fundi wa kiwanda anasema amefuata vijiko kama nilivyoandika, na kijiko nilimpelekea mwenyewe. Nilizunguka maduka matatu kutafuta kinachofanana na cha babu, nikakipata, kile kikubwa, cha kuchotea mchuzi.

Nimekosea wapi? Niambie kipimo cha kweli. Na nakuomba, kwa Mama aliyetuzaa, ukae kimya. Ukijitokeza, si kanuni tu, ni uongo mbele ya kamati nzima. Ukiwa hai wewe, mimi ndiye nitakayezikwa. Nitakulipa fadhila hii maisha yangu yote.

Dada yako

*

Jumamosi, 10 Mei

Kwa Mkuu wa Mawasiliano,

Mimi ndiye marehemu.

Naomba radhi kwa kuanza hivyo, sijui barua za ofisi zinaanzaje. Babu yangu alikuwa fundi wa rangi kweli, na amefariki kweli, lakini alitia nyeusi na buluu basi. Damu ya mzee hakuwahi kuiona. Niliipata mimi, nina miaka ishirini na tatu, nina mtoto mmoja na niko mzima.

Nasikia majora yametoka meusi. Kiwanda hakina kosa. Kijiko cha babu ni kidogo, kilikuwa cha dawa yake ya kifua, kinaenea kwenye kiganja cha mwanangu. Mratibu wako alikiona mara ya mwisho akiwa mtoto, na kwa mtoto kila kitu cha babu ni kikubwa.

Yeye ni dada yangu wa tumbo moja. Vipimo hakuviiba, nilimpa mwenyewe kwa mkono wangu na kwa moyo wangu. Kosa lake ni hilo la kusema nimekufa, na hilo naomba mniachie mimi na yeye.

Kipimo siandiki tena kwenye karatasi. Nimekuwekea humu kitambaa kingine kama kile cha kwanza, nimekitia rangi jana, ukilinganishe. Kama mnanihitaji nitakuja na kijiko changu na mtoto wangu. Kama hamnihitaji, naomba kwenye Mwongozo mfute tu neno "marehemu."

Mama Tumbiri, mtia rangi

*

Jumatatu, 26 Mei

Shikamoo, dada.

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nje ya karakana. Dirisha lako naliona. Lina pazia la damu ya mzee, la zamani, lile la zambarau ya mchapaji. Tumbiri amelala ndani kwenye mkeka. Madirisha hayana nyavu, dada, lakini yako juu.

Nilitaka habari uzipate kwangu kwanza. Barua ya kukwambia nimemwandikia Mkuu nilimpa dereva siku ile ile, akarudi nayo, akasema hukufungua mlango. Basi naona ulishajua.

Nimefika Alhamisi, baada ya kuitwa. Mkuu alinipokea getini mwenyewe. Akaniuliza, "Wewe ndiye marehemu?" Akacheka, kisha akaona mimi sicheki, akakipokea kikapu changu akanibebea. Alisimama pembeni ya ndoo ya kwanza tangu maji yanachemka mpaka kitambaa kimekauka, hakukaa. Akakileta kwenye meza, akaweka kando yake kitambaa changu cha kwanza, kalenda mpya na kibao kipya cha langoni. Nikaona vyote vinne vimekuwa ndugu. Sikujua kitu cha namna hiyo kinaweza kumfanya mtu alie, lakini nilitoka nje kidogo.

Majora saba yamekwisha. Matatu yamebaki.

Wameniuliza kama nataka kukushtaki. Nikasema mashtaka sijui kuandika, najua kuandika barua. Mkuu amesema mambo yako yatasikilizwa baada ya mahafali, na kazi yangu pia itasemwa baada ya mahafali. Hajaniahidi, na safari hii sijajiandaa kwa lolote. Aproni nilikuja na moja.

Juzi ulipita kwenye korido ile ya vioo. Uliniona, nikakuona. Ukaweka simu sikioni ukaanza kuongea, lakini simu yenyewe ulikuwa umeishika juu chini. Nikainama nikakoroga, ili upite.

Ndoo zote hizi nimezikoroga nikiwaza nikutendee nini. Nimewaza maneno makali mpaka nikayapanga vizuri, moja baada ya jingine, na kila nikiyamaliza nakuta bado nakutazamia dirishani kama umekula. Sijakusamehe, usinielewe vibaya. Nikiamka asubuhi kitu cha kwanza kunijia ni ile dakika mliyosimama. Nadhani itakuwa inanijia nikiwa bibi. Lakini hapa fundi mshonaji, mama mmoja mwenye maneno mengi, ameniuliza kama nina ndugu yeyote mji huu, na mimi nikajibu sina. Nikalisikia neno langu. Na mimi nimezika, dada. Limenitoka jepesi, kama lilivyokutoka wewe, na nimeogopa, kwa sababu sasa najua jinsi linavyotoka.

Mama amepiga simu asubuhi. Kaniuliza kama nimekuona, na kama umekonda. Nimemwambia tuna kazi nyingi, tutaonana jioni.

Kwa hiyo shuka. Sikuiti uje kuniomba radhi, radhi tutazitafuta baadaye kama zipo. Maneno ya kamati na kanuni uwaambie wao. Mimi nataka ushuke hizo ngazi kwa miguu yako wakati huu watu wote wapo, wale wale waliosimama, hata profesa yupo hapa anaikagua rangi yake ya udongo. Wananiita kule kwenye ndoo, maji yamechemka, wanasema fundi njoo, ngoja niimalize sentensi hii tu. Shuka, usimame hapa karibu nami, huna haja ya kunishika, uwatazame usoni useme kwa mdomo wako mwenyewe kwamba huyu ni mdogo wangu, na yuko